Kambi ya Iwerne: ilivyolea maaskofu, na ilivyokuja kumwangusha Askofu Mkuu

Justin Welby alipotangaza tarehe 12 Novemba 2024 kwamba anajiuzulu uaskofu mkuu wa Canterbury, cheo cha juu kabisa cha kiroho katika Kanisa la Uingereza, habari iliwafikia watu wengi ikiwa fupi mno: ameondoka kwa sababu ya kambi ya Kikristo ambako wavulana walichapwa bakora. Ukweli umo humo, ila umebanwa hadi umepinda. Kambi yenyewe, Iwerne, ilianza miaka ya 1930 kusini mwa Uingereza, na kwa miongo mingi sifa yake kubwa ilikuwa kutoa wahubiri na maaskofu. Bakora zilizotikisa Uingereza hazikupigwa kambini. Zilipigwa nyumbani kwa wakili mmoja, John Smyth, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wake. Kambi ambako wavulana walichapwa hasa, na ambako mmoja wao alikufa, ilikuwa Zimbabwe, miaka kadhaa baadaye, chini ya taasisi nyingine kabisa. Welby naye hakutuhumiwa kumpiga mtu wala kuwapo watu wakipigwa.

Sasa vipande hivi vinashikana wapi? Inabidi kuanza na mtu ambaye hakumchapa yeyote.

Bash na shule thelathini

Eric Nash alizaliwa mwaka 1898, mtoto wa kasisi. Marafiki walimwita Bash, na jina hilo likamganda hadi kifo chake mwaka 1982. Alianza maisha katika kampuni ya bima, akaokoka mwaka 1917 akiwa bado kijana, kisha akaenda Cambridge na hatimaye akapewa daraja la ukasisi. Aliwahi kuwa kasisi wa shule ya bweni ya Wrekin kabla ya kuajiriwa na Scripture Union mwaka 1932.

Chama hicho kilitokana na mikutano ya watoto aliyoianzisha Josiah Spiers jijini London mwaka 1867. Spiers ndiye yule anayekumbukwa kwa kuandika "Mungu ni upendo" kwenye mchanga wa ufukwe wa Llandudno, Wales, watoto waliokuwa likizo wakimsaidia kuyapamba maneno hayo. Kwa hiyo wazo la kuwafuata watoto wakati wa mapumziko badala ya kuwasubiri kanisani halikuwa la Nash. Alilikuta.

Alichokileta yeye ni kuchagua. Spiers alimhubiria mtoto yeyote aliyepita ufukweni. Nash aliwataka wavulana wa shule za bweni za kulipia, tena zile thelathini hivi za juu kabisa: Eton, Harrow, Winchester, Rugby na nyingine za hadhi hiyo. Hesabu yake hakuificha. Uingereza ya wakati ule iliendeshwa na watu waliotoka katika madarasa machache: mawaziri, majaji, majemadari, maaskofu, magavana wa makoloni. Ukimwongoza kwa Kristo mvulana wa miaka kumi na sita leo, baada ya miaka thelathini utakuwa umempata jaji. Sala yake iliyojulikana sana ilikuwa ya kumwomba Mungu azitwae shule hizo kuu kwa ajili ya ufalme wake.

Msomaji wa leo atanusa ubaguzi hapo, na pua yake haijamdanganya. Lakini hesabu yenyewe ilikuwa ya kawaida katika misheni za Kianglikana. Shule ya Budo nchini Uganda, iliyofunguliwa mwaka 1906, ilianzishwa kwa ajili ya wana wa machifu kwa fikra hiyohiyo ya kuanzia juu ili chini kufuate. Nash aliihamishia fikra hiyo nyumbani kwao.

Kambi isiyo na mahema

Mwanzoni kambi zilihamahama. Kuanzia 1940 zikatulia katika majengo ya shule ya Clayesmore, kijijini Iwerne Minster, jimbo la Dorset, wakati wanafunzi wa shule hiyo wakiwa likizo. Jina la kijiji likawa jina la kambi. Wavulana walilala mabwenini, walicheza katika viwanja vya shule, walikula kwenye ukumbi wa shule. Kwa mtoto wa Eton au Winchester, palikuwa mahali anapopajua: shule kama yake, bila masomo.

Hakukuwa na mabango wala matangazo. Mvulana alialikwa, kwa kawaida na mtu aliyemfahamu shuleni. Uongozi ulipangwa kijeshi: Nash alikuwa kamanda, chini yake msaidizi wake, na chini yao walezi walioitwa maofisa, wengi wao wanafunzi wa Cambridge na Oxford waliokuwa wanakambi miaka michache tu nyuma. Waliomaliza shule lakini hawajawa maofisa walipewa kazi za kuosha vyombo na kuandaa meza. Wanawake walikuwapo wachache, kwa kazi za kuhudumia, na mimbari haikuwahusu.

Asubuhi mapema, kabla wavulana hawajaamka, maofisa walikusanyika kuwaombea kwa majina. Mchana ulikuwa wa michezo na matembezi. Jioni kulikuwa na mahubiri mafupi, yaliyopangwa kwa uangalifu ili yasimchoshe wala kumtisha mtu. Nash aliiweka njia ya wokovu katika hatua tatu nyepesi kukumbuka: kiri dhambi yako, amini kwamba Kristo aliifia, mjie. Hakupenda vilio, hakupenda wito wa kupita mbele, na mijadala mizito ya kitheolojia aliiona kama kichaka cha kujifichia. Injili yake ilikuwa nyofu, na alitaka ibaki hivyo.

Kazi yenyewe hasa ilifanyika baada ya mahubiri. Ofisa alimchukua mvulana matembezini, wawili peke yao, wakazungumza juu ya nafsi yake. Akiokoka, ofisa huyo aliendelea kumlea: kumwandikia, kumtembelea shuleni, kumwuliza anasali vipi na anapambana na dhambi gani.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa John Stott. Mwaka 1938 Nash alifika Rugby, Stott akiwa mwanafunzi huko, akahubiri. Baada ya hapo kijana akamfuata na maswali. Usiku huo, kando ya kitanda chake, Stott alilichukulia kama lake lile andiko la Ufunuo 3:20, "Tazama, nasimama mlangoni, nabisha," akafungua. Kisha Nash akamwandikia barua kila wiki kwa takriban miaka mitano. Nyingine zilikuwa na makaripio makali hivi kwamba Stott alikuja kusimulia kuwa ilimlazimu asali kwanza ndipo azifungue. Mwenyewe alilisimulia hilo kwa shukrani, na sina sababu ya kuitilia shaka shukrani yake. Ila lishike jambo hili: mtu mzima mmoja, kijana mmoja, mazungumzo ya siri juu ya dhambi, na makaripio yanayopokelewa kama upendo. Tutakutana nalo tena likiwa na sura nyingine.

Stott alikuja kuliongoza kanisa la All Souls, Langham Place, London, kuanzia 1950, akawa mwandishi mkuu wa Azimio la Lausanne la 1974, na akasomwa na wachungaji duniani kote. Kambi hiyohiyo ilipitiwa na Dick Lucas wa St Helen's Bishopsgate, na Michael Green, David Watson, David Sheppard aliyechezea Uingereza kriketi kabla ya kuwa Askofu wa Liverpool, na Nicky Gumbel aliyeisambaza kozi ya Alpha, ile ya kuwatambulisha watu kwa imani ya Kikristo. Welby alihudumu kama ofisa wa bweni miaka ya 1970, akiwa mwanafunzi wa Cambridge. Ni vigumu kuitaja kambi nyingine ya likizo iliyoathiri dhehebu moja kiasi hiki. Kama kipimo ni lengo alilojiwekea, Nash alifaulu.

Nani alikuwa chini ya nani

Hapa ndipo wengi hupotea, na kwa haki, maana mambo yalikuwa yamefumwa ovyo. Kambi haikuwa mali ya Kanisa la Uingereza. Nash na waliomfuata walikuwa waajiriwa wa Scripture Union, chama kisicho cha dhehebu lolote. Fedha nyingi, hata hivyo, zilichangishwa na mfuko wa wadhamini ulioitwa Iwerne Trust. Maofisa walikuwa watu wa kujitolea. Wengi wao walikuwa Waanglikana, na wengi walikuwa njiani kuelekea ukasisi, lakini hakuna askofu aliyeisimamia kambi, wala hakuna aliyeweza kuifunga. Nash alipong'atuka miaka ya 1960 uongozi ukashikwa na David Fletcher, aliyeendelea hadi 1986 alipokwenda kuliongoza kanisa la St Ebbe's, Oxford. Baadaye taasisi mpya, Titus Trust, iliyoundwa 1997, ikachukua kazi yote.

Mpangilio huu una faida moja kwa mtu mwenye jambo la kuficha: kila taasisi inaweza kusema, bila kudanganya, kwamba jambo hilo halikuwa lake. Ndivyo ilivyokuja kuwa.

Banda la bustanini

John Smyth alizaliwa Canada mwaka 1941, akawa wakili mashuhuri Uingereza. Mwaka 1977 alimwakilisha Mary Whitehouse, mwanaharakati wa maadili, katika kesi ya kukufuru dhidi ya gazeti la Gay News, wakashinda. Alikuwa msomaji aliyeidhinishwa, yaani mhubiri asiye kasisi, katika dayosisi ya Winchester, na kati ya 1974 na 1981 alikuwa mwenyekiti wa Iwerne Trust. Alikuwa na nyumba nzuri karibu na shule ya Winchester. Jumapili wavulana wa kikundi cha Kikristo cha shule walialikwa kwake kwa chakula cha mchana, na kwa mtoto wa bweni chakula cha nyumbani ni kitu kikubwa.

Aliwachagua wachache, akawalea kwa mtindo ambao kila mtu wa Iwerne angeutambua: mmoja mmoja, kwa siri, akiwauliza juu ya dhambi zao, hasa tamaa za mwili na kiburi. Kisha akawashawishi kwamba toba ya maneno haitoshi. Alinukuu Waebrania sura ya 12, ile ya Mungu kumrudi mwana anayempenda. Bustanini alikuwa na banda lililozibwa sauti isitoke. Humo aliwachapa kwa henzerani, wakiwa uchi, hadi damu zikawatoka, na baada ya hapo wengine walivaa nepi za watu wazima ili damu isichafue nguo. Walioondoka kwenda chuo kikuu walirudi kuchapwa. Walirudi wenyewe, wakiamini wanazidi kuwa watakatifu.

Swali la kila mtu ni hilo: kwa nini walirudi? Sehemu ya jibu ni ya zama zile. Bakora ilikuwa jambo la kawaida katika shule zao. Ilipigwa marufuku katika shule za serikali za Uingereza mwaka 1987 tu, na katika shule binafsi za huko mwaka 1999. Mtoto aliyelelewa humo alikuwa amefundishwa kuvumilia na kunyamaza. Sehemu nyingine ni ya kambi. Kijana alikuwa amezoea kumfungulia moyo mtu mzima mmoja aliyechaguliwa na watu anaowaheshimu, na mtu huyo alikuwa mwenyekiti wa mfuko uliolipia kambi aliyookokea. Kumtilia shaka Smyth kulikaribia kuutilia shaka wokovu wake mwenyewe.

Mwaka 1982 mambo yalifumuka, angalau kwa wachache. Barua isiyo na jina ilifika kwa viongozi, na kijana mmoja, akikabiliwa na duru nyingine ya kuchapwa, akajaribu kujitoa uhai. Kasisi Mark Ruston wa Cambridge, mtu wa Iwerne, aliombwa achunguze. Taarifa yake ilikuwa fupi na ya kutisha. Iliwataja waathirika 22. Alizungumza na 13, akaandika kwamba wanane kati yao walipigwa jumla ya viboko 14,000 hivi, na wawili miongoni mwao walipata kama 8,000 kwa muda wa miaka mitatu. Aliandika pia, waziwazi, kwamba matendo hayo yote yalikuwa makosa ya jinai chini ya sheria ya mwaka 1861 ya makosa dhidi ya mwili.

Kwa maneno mengine, hawakushindwa kutambua kwamba ni uhalifu. Walitambua, wakaandika, kisha taarifa ikasomwa na watu wachache ikafungiwa kabatini. Polisi hawakuitwa. Mkuu wa shule ya Winchester alijua, akaridhika na Smyth kuahidi kukaa mbali na vijana. Baadhi ya wazazi nao hawakutaka watoto wao waburutwe mahakamani. Miaka mingi baadaye David Fletcher alieleza kwamba aliona kulitangaza jambo hilo kungeiletea kazi ya Mungu madhara makubwa.

Binafsi naona kauli hiyo ndiyo ufunguo wa mkasa wote. Haikuwa kauli ya mtu asiye na imani. Aliamini kweli kwamba kambi ilikuwa chombo cha thamani mno, na nchi nzima ingepata hasara ikivunjika. Kadiri kambi ilivyofaulu, ndivyo ilivyokuwa ghali kusema ukweli juu yake.

Marondera

Mwaka 1984 Smyth alihamia Zimbabwe na familia yake. Baadhi ya marafiki wa Uingereza waliendelea kumchangia fedha. Mwaka 1986 akaanzisha taasisi ya Zambesi Ministries, na akafanya alichokijua: kambi za likizo kwa wavulana wa shule bora, weusi na weupe, katika majengo ya shule ya Ruzawi, Marondera. Ukitazama juujuu ilikuwa Iwerne iliyovuka bahari, yenye michezo, sala, walezi vijana na shule tupu ya bweni.

Tofauti ilikuwa moja, nayo nzito. Kule Dorset, Smyth hakuwa kamanda wa kambi. Kulikuwa na wenzake mezani, kulikuwa na mwajiri. Huku Marondera, alikuwa mwanzilishi, mkurugenzi, mhubiri na mwenye kutoa adhabu. Alichokifanya kwa siri bandani sasa kilikuwa utaratibu wa kambi: wavulana walichapwa kwa vibao vya mpira wa meza, waliogelea uchi usiku, na yeye mwenyewe alioga uchi pamoja nao. Hawa walikuwa watoto, wengi wadogo kuliko wale wanafunzi wa chuo kikuu waliorudi kwake Winchester.

Desemba 1992 Guide Nyachuru, mwenye umri wa miaka 16, alikutwa amekufa katika bwawa la kuogelea la Ruzawi. Alikuwa ndio kwanza amefika kambini.

Wazazi walikuwa wameanza kulalamika juu ya majeraha ya watoto wao. Wakili wa Bulawayo, David Coltart, ambaye baadaye alikuwa waziri wa elimu na sasa ni meya wa mji huo, alikusanya ushahidi na mwaka 1993 akaandika ripoti iliyopelekwa kwa wakuu wa shule na viongozi wa makanisa, akionya kwamba Smyth asiruhusiwe kuendesha kambi. Mtu anayetaka kuona jambo hili lingeshughulikiwaje mwaka 1982 na aisome kazi ya Coltart: jina la mtu, matendo yake, ushahidi, na nani afanye nini.

Smyth alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, katika kifo cha Nyachuru, na kwa makosa ya kuwadhalilisha wavulana wengine. Akajitetea kama wakili anavyojua kujitetea. Alimpinga mwendesha mashtaka kwamba ana upendeleo, na mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya Zimbabwe ikakubaliana naye na kumwondoa mwendesha mashtaka huyo katika kesi. Kesi haikuendelea tena.

Mwaka 2001 alihamia Afrika Kusini, kwanza Durban kisha Cape Town. Huko aliongoza chama cha kisheria kilichoitwa Justice Alliance of South Africa. Mwaka 2011 chama hicho kilikuwa miongoni mwa walalamikaji waliopinga mbele ya Mahakama ya Katiba kuongezwa muda wa Jaji Mkuu Sandile Ngcobo, wakashinda. Yaani mtu ambaye kesi yake ya kifo cha mtoto iliishia njiani ng'ambo ya mpaka alikuwa akisikika kwa heshima katika mahakama ya juu kabisa ya nchi jirani.

Welby anaingiaje

Mwaka 2012 mmoja wa waathirika wa Uingereza alilieleza kanisa. Mwaka 2013 suala likafika dayosisi ya Ely, na barua ya tahadhari ikapelekwa kwa askofu Cape Town. Mwaka huohuo Welby, akiwa askofu mkuu kwa miezi michache tu, akaarifiwa. Aliambiwa kwamba polisi wameshajulishwa, akaamini, na kwa maelezo yake alidhani kimakosa kwamba jambo litafika mwisho wake. Smyth aliendelea kuishi Cape Town kama kawaida. Ni taarifa ya televisheni ya Channel 4, Februari 2017, iliyoufanya umma ujue na polisi wa Hampshire waanze uchunguzi. Smyth alikufa Cape Town Agosti 2018, akiwa na miaka 77, kabla hajahojiwa.

Kanisa la Uingereza likamwagiza Keith Makin kufanya uchunguzi huru mwaka 2019. Ripoti yake ilitoka tarehe 7 Novemba 2024. Ilikadiria kwamba takriban vijana 30 walidhulumiwa Uingereza na takriban 85 barani Afrika, na ikasema idadi halisi huenda ni kubwa zaidi. Ilimwita Smyth pengine mdhalimu aliyewadhuru watu wengi kuliko wote waliowahi kuhusishwa na kanisa hilo. Na ilisema kwamba mwaka 2013 kulikuwa na nafasi ya kumripoti rasmi kwa polisi wa Uingereza na mamlaka za Afrika Kusini, nafasi ambayo haikutumiwa.

Zingatia kilichomwangusha Welby, kwa sababu hapa ndipo maelezo mengi yanapoteleza. Hakuondoka kwa ajili ya miaka ya 1970. Alikuwapo kambini, alimfahamu Smyth na waliwahi kutumiana kadi za Krismasi, lakini amekana daima kwamba alijua habari za bakora wakati ule. Makin aliona hilo halielekei sana, ila hakudai kulithibitisha. Kilichomgharimu cheo ni miaka ya 2013 na kuendelea: alijua, alikuwa na cheo cha kufuatilia, hakufuatilia vya kutosha. Wajumbe watatu wa sinodi, baraza kuu la kanisa hilo, walianzisha ombi la kumtaka ajiuzulu, likapata sahihi zaidi ya 10,000 kwa siku chache. Siku tano baada ya ripoti akatangaza kuondoka. Ni askofu mkuu wa kwanza wa Canterbury katika zama hizi kung'oka kwa kashfa ya aina hii.

Waliopita Iwerne wenyewe hawakubaliani juu ya mzigo wa kambi. Wapo wanaosema Smyth alikuwa mtu mmoja aliyepotoka, na bakora zake hazikuwa katika ratiba ya Nash. Hilo ni kweli. Wengine wanasema mafundisho yenyewe, yenye kusisitiza dhambi na adhabu, ndiyo yaliyomlea. Hapo nasita, maana mafundisho hayo yamehubiriwa mahali pengi bila mtu kujenga banda. Mimi naona tatizo liko katika mtindo wa kazi: malezi ya wawili bila shahidi, mwaliko wa watu wa tabaka moja wanaojuana tangu utotoni, mkubwa asiyeulizwa, na imani kwamba kazi hii hasa haina mbadala. Kwamba si suala la mtu mmoja kulionekana pia katika habari za Jonathan Fletcher, mdogo wake David na mtu mwingine wa duara hilo la Iwerne, aliyekuwa kasisi wa Emmanuel, Wimbledon. Mapitio huru yaliyotolewa Machi 2021 yalieleza jinsi alivyowatawala na kuwadhuru vijana wa kiume aliowalea kiroho, na jinsi waliomzunguka walivyoona ugumu wa kusema.

Titus Trust ilifikia makubaliano na waathirika watatu mwaka 2020, na mwaka huohuo ikalistaafisha jina la Iwerne pamoja na kambi zake za mtindo ule. Kazi ya kambi kwa wanafunzi wa shule binafsi inaendelea kwa majina mengine. Afrika Kusini, kamati iliyoundwa na Kanisa Anglikana la huko ilieleza mapema 2025 kwamba haikupata malalamiko ya watu waliochapwa na Smyth nchini humo, ila ikakiri kwamba vijana waliachwa katika hatari kwa miaka. Februari 2025 Kanisa la Uingereza lilisema linataka kuwafungulia mashtaka ya kinidhamu makasisi kumi waliotajwa na Makin. Mwezi huohuo sinodi yake, ilipotakiwa kuchagua namna ya kuulinda usalama wa watoto, haikuchagua ule mpango wa kukabidhi kazi yote kwa chombo huru mara moja. Ilichagua ulio mwepesi zaidi.

Smyth mwenyewe hakuwahi kutiwa hatiani na mahakama yoyote, ya Uingereza, ya Zimbabwe wala ya Afrika Kusini. Familia ya Nyachuru ilipata barua ya kuomba radhi kutoka kwa Welby mwaka 2021, miaka 29 baada ya mazishi, na imeendelea kudai uchunguzi kamili wa kilichotokea bwawani Ruzawi.